Sophie Chotek: Mke wa mrithi wa Austria aliyetengwa hadi jenezani

Na Mwandishi Wetu

KILA aliyesoma historia katika shule ya sekondari analikumbuka jina la Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria aliyeuawa mjini Sarajevo Juni 28, 1914, mauaji yaliyowasha Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wachache wanakumbuka kwamba asubuhi ile zilifyatuliwa risasi mbili, na kwamba moja kati ya hizo ilimuua mwanamke.

Vitabu vingi humtaja kwa maneno mawili tu, na mkewe, kisha vikaendelea na orodha ya mataifa yaliyotangaziana vita. Mwanamke huyo alikuwa Sophie Chotek, mama wa watoto watatu, ambaye kwa miaka 14 ya ndoa yake alikatazwa kukaa kando ya mumewe katika karamu za ikulu ya Vienna. Alipata ruhusa ya kukaa kando yake ndani ya motokaa mjini Sarajevo, na humo ndimo alimokufa.

Sophie alizaliwa Machi 1, 1868 mjini Stuttgart, kusini mwa Ujerumani, ambako baba yake, Graf Bohuslav Chotek, alikuwa mwanadiplomasia wa Austria. Cheo hicho cha Graf si kigeni kwa wakazi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, kwani ndicho kilichokuwamo katika jina la meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, iliyokuja kuitwa MV Liemba.

Ukoo wa Chotek ulikuwa wa makabaila wa kale wa Bohemia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Czech. Babu yake, Karl Chotek, aliitawala Bohemia kwa niaba ya Kaisari katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, na bustani ya umma yenye jina la ukoo huo ipo mjini Prague hadi leo.

Jina lilikuwa kubwa, lakini mfuko ulikuwa mdogo. Bohuslav alihama na familia yake kutoka kituo kimoja cha kazi hadi kingine, ikiwa ni pamoja na St Petersburg na Brussels, akiishi maisha yaliyotakiwa kuwa ya kifahari kwa mshahara usiotosha. Akiwa Brussels, alishiriki katika mipango ya ndoa ya Rudolf, mtoto pekee wa kiume wa Kaisari Franz Joseph, na Stephanie, binti wa mfalme wa Ubelgiji. Ndoa hiyo ilifungwa mwaka 1881. Baba huyo hakujua kwamba, baada ya kumsaidia mrithi mmoja wa Austria kupata mke, binti yake mwenyewe angeolewa na mrithi aliyefuata.

Mama yake, Wilhelmine wa ukoo wa Kinsky, alifariki dunia mwaka 1886 akiacha mabinti kadhaa na mtoto mmoja wa kiume. Tofauti na mila za makabila mengi ya Afrika Mashariki, Ulaya ya wakati ule ilikuwa ni familia ya binti iliyotakiwa kutoa mali ili aolewe. Nyumba yenye mabinti wengi na fedha haba ilikuwa na njia chache za kuwasitiri.

Njia mojawapo ilikuwa utumishi. Mwaka 1888, akiwa na umri wa miaka 20, Sophie aliajiriwa kuwa mwandani wa Isabella, mke wa Friedrich, mmoja wa wanawafalme matajiri kupita wote katika ukoo wa Habsburg. Walikaa mjini Pressburg, ambao sasa ni Bratislava, mji mkuu wa Slovakia. Kasri waliyokuja kuishi mjini humo ndiyo leo ikulu ya rais wa nchi hiyo.

Kazi ya mwandani haikuwa ya kufua wala kupika. Alimsindikiza bibi mkubwa katika safari, aliandika barua, aliwatunza wageni na kuwaangalia mabinti wa nyumba. Isabella alikuwa nao wanane. Mtu wa kazi hiyo alikula meza moja na wakubwa, lakini alijua kiti chake ni kipi, na alijua kwamba kengele ikilia ni yeye anayeitwa.

Wakati huohuo msiba uliikumba ikulu ya Vienna. Januari 1889, Rudolf alikutwa amekufa katika nyumba yake ya uwindaji huko Mayerling pamoja na msichana aliyekuwa hawara yake. Kaisari hakuwa na mtoto mwingine wa kiume. Urithi ukahamia kwa mdogo wake, Karl Ludwig, na alipofariki Karl Ludwig mwaka 1896, ukabaki kwa kijana wake mkubwa, Franz Ferdinand, aliyezaliwa Graz mwaka 1863.

Franz Ferdinand hakuwa mtu wa kupendwa kirahisi. Alikuwa na hasira za haraka, mwenye shaka na kila mtu, na mwindaji aliyepita kiasi. Kumbukumbu zake za uwindaji zinataja wanyama na ndege zaidi ya 270,000. Isitoshe, alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu, na katikati ya miaka ya 1890 watu wa ikulu walianza kumhesabu miongoni mwa wafu na kumgeukia mdogo wake, Otto. Hakulisahau jambo hilo maishani mwake.

Katika kipindi hicho cha kutengwa, barua za Sophie zilimfikia mgonjwa. Uhusiano ulikuwa umeanza kimyakimya, na ulidumu miaka kadhaa bila mtu wa tatu kujua.

Isabella, kwa upande wake, aliona mrithi anafika mara kwa mara nyumbani kwake na akafurahi. Aliamini anamtaka binti yake mkubwa, Maria Christina, na akaanza kujiona mama mkwe wa Kaisari mtarajiwa.

Kilichofuata husimuliwa hivi. Siku moja, baada ya mchezo wa tenisi, Franz Ferdinand alisahau saa yake ya mfukoni uwanjani. Isabella aliletewa saa ile, akafungua kifuniko akitarajia kukuta picha ya binti yake, na akakuta picha ya mwandani wake. Sophie alifukuzwa kazi bila kuchelewa.

Laiti mrithi angemwacha, habari ingeishia hapo, kwani wanawake wengi wa kazi yake waliishia hivyo. Franz Ferdinand alisimama mbele ya baba yake mkubwa, Kaisari Franz Joseph, na kusema anataka kumuoa.

Hapo ndipo sheria ya ukoo ilipoingia. Mtu wa ukoo wa Habsburg aliruhusiwa kuoa katika koo zinazotawala au zilizowahi kutawala Ulaya, na koo hizo zilikuwa katika orodha inayojulikana. Ukoo wa Croÿ, alikotoka Isabella, ulihesabiwa humo. Ukoo wa Chotek haukuwamo. Haikujalisha ulikuwa wa kale kiasi gani, wala babu alitawala jimbo gani. Kwa macho ya sheria hiyo, umbali kati ya binti wa Graf na binti wa mpishi haukuwa mkubwa.

Mvutano uliendelea kwa muda mrefu. Kaisari alimtaka kijana achague kati ya taji na mwanamke, naye akasema anataka vyote viwili. Mama yake wa kambo, Maria Theresa, alimwombea kwa Kaisari kwa juhudi kubwa. Mwishowe mzee alikubali kwa sharti ambalo huenda lilikuwa zito kuliko kukataliwa.

Juni 28, 1900, katika ikulu ya Hofburg mjini Vienna, mbele ya Kaisari, wanawafalme wote wazima wa ukoo, mawaziri na maaskofu, Franz Ferdinand aliapa kwamba mkewe hatakuwa malkia kamwe, na kwamba watoto wake hawatakuwa na haki ya urithi wala hawatahesabiwa kuwa Habsburg. Wajerumani waliiita ndoa ya namna hiyo ndoa ya mkono wa kushoto. Kwa kanisa ilikuwa halali kabisa, lakini kwa ikulu mke alibaki mgeni.

Siku tatu baadaye, Julai 1, walifunga ndoa katika kanisa dogo la Reichstadt, huko Bohemia. Kaisari hakwenda. Ndugu wa kiume wa bwana harusi hawakwenda. Kutoka ukoo wa Habsburg walihudhuria mama wa kambo na mabinti zake wawili tu. Bibi harusi, ambaye hakuweza kubeba jina la mumewe, alipewa jina jipya, Hohenberg, na mwaka 1909 akapandishwa na kuwa Duchess wa Hohenberg.

Vyeo hivyo vilimsogeza hatua moja moja, lakini kila hatua ilikuwa na kikomo chake. Katika karamu za ikulu, mumewe aliingia wa kwanza baada ya Kaisari, akiwa ameshikana mkono na mwanamke mwingine wa ukoo. Sophie aliingia mwisho, baada ya binti mdogo kuliko wote wa Habsburg, mara nyingine bila mtu wa kumshika mkono. Husimuliwa kwamba wengine walifunguliwa mbawa zote mbili za mlango, naye akafunguliwa ubawa mmoja. Hakuruhusiwa kukaa katika chumba cha kifalme kwenye jumba la maonyesho, wala kupanda gari la kifalme pamoja na mumewe katika shughuli rasmi.

Msimamizi mkali wa taratibu hizo alikuwa Alfred Montenuovo, mkuu wa shughuli za ikulu. Wasomaji watashangaa kujua ukoo wa mtu huyu. Bibi yake mzaa baba alikuwa Marie Louise, binti wa Kaisari wa Austria na mke wa Napoleon, aliyezaa na ofisa wa jeshi aliyeitwa Neipperg na baadaye kuolewa naye kwa ndoa isiyo ya hadhi yake. Hata jina Montenuovo ni tafsiri ya Kiitaliano ya jina Neipperg. Mjukuu wa ndoa ya mkono wa kushoto ndiye aliyesimama mlangoni kumzuia mke wa ndoa ya mkono wa kushoto.

Nje ya Austria mambo yalikuwa tofauti. Kaisari Wilhelm II wa Ujerumani, mtu ambaye historia haikumpa sifa nyingi za busara, alitambua mapema kwamba njia ya kuupata moyo wa Franz Ferdinand ilipita kwa mkewe, na mwaka 1909 aliwapokea wote wawili kwa heshima mjini Potsdam. Novemba 1913 walikuwa wageni wa Mfalme George V na Malkia Mary katika kasri ya Windsor. Katika ziara hiyohiyo, wakiwa mashambani kwa Duke wa Portland, mpagazi wa bunduki aliteleza kwenye theluji, silaha ikafyatuka na risasi zikapita karibu sana na mrithi. Mwenyeji wao alikuja kuwaza baadaye kama vita ingeepukika endapo ajali hiyo ingetokea vibaya zaidi.

Hungaria nayo ilikuwa na jambo lake. Sheria za nchi hiyo hazikuijua ndoa ya mkono wa kushoto, ndiyo maana bunge la Budapest lililazimika kukiingiza kiapo cha mwaka 1900 katika sheria. Mjini Vienna, hofu kwamba mrithi akishika madaraka angekigeuka kiapo chake haikuisha. Kila heshima ndogo aliyopewa Sophie ilipimwa kwa mizani hiyo.

Nyumbani, hata hivyo, watu wale walikuwa tofauti. Sophie alimzalia mumewe binti, Sophie, mwaka 1901, kisha Maximilian mwaka 1902 na Ernst mwaka 1904. Mtoto wa nne, wa kiume, alizaliwa mfu mwaka 1908. Familia iliishi zaidi katika kasri ya Konopiště, kusini mwa Prague, ambako Franz Ferdinand alipanda bustani kubwa ya waridi, na wakati mwingine Belvedere mjini Vienna au Artstetten, karibu na mto Danube.

Watoto walikula meza moja na wazazi, jambo lisilo la kawaida katika nyumba za kifalme za wakati ule. Sophie, Mkatoliki mwenye ibada, alisimamia matumizi kwa umakini wa mtu aliyewahi kukosa, na ndiye pekee aliyeweza kumtuliza mumewe hasira zilipopanda. Mwaka 1904, Franz Ferdinand alimwandikia mama yake wa kambo kwamba hakuna jambo la busara alilofanya maishani kama kumuoa mwanamke huyo.

Alifikiria hata kifo. Kwa kuwa mkewe asingeruhusiwa kuzikwa katika kaburi la Habsburg chini ya kanisa la Wakapuchini mjini Vienna, aliamuru lijengwe kaburi la familia chini ya kanisa la Artstetten. Alitaka walale pamoja.

Mwaka 1913 aliteuliwa mkaguzi mkuu wa majeshi, na mwaka uliofuata gavana wa Bosnia, Jenerali Oskar Potiorek, alimwalika kutazama mazoezi ya kijeshi. Bosnia ilikuwa imeunganishwa rasmi na dola ya Austria-Hungaria mwaka 1908, kinyume na matakwa ya Waserbia wengi. Kwa kuwa safari ilikuwa ya kijeshi, mbali na ikulu, taratibu za Montenuovo hazikufika huko. Sophie angeweza kukaa kando ya mumewe mbele ya watu.

Alisafiri kwa treni peke yake hadi Ilidža, mji wa chemchemi za maji ya moto karibu na Sarajevo, na mumewe akaenda kwa njia ya bahari. Jioni moja walitembea katika soko la Sarajevo, wakazungukwa na watu waliowashangilia. Katika chakula cha usiku Juni 27, alimtania mbunge mmoja wa huko aliyekuwa ameonya juu ya hatari ya ziara hiyo, akimwambia kwamba kila walikopita wamepokewa kwa wema.

Tarehe iliyochaguliwa kuingia mjini rasmi ilikuwa Juni 28. Kwa Waserbia ilikuwa Vidovdan, sikukuu ya Mtakatifu Vitus na kumbukumbu ya vita vya Kosovo vya mwaka 1389. Kwa Sophie na mumewe ilikuwa miaka 14 kamili tangu kiapo cha Hofburg.

Msafara wa magari ulipita kando ya mto Miljacka, gari likiwa wazi, Sophie amevaa nguo nyeupe na kofia pana. Muda mfupi baada ya saa nne asubuhi, kijana aitwaye Nedeljko Čabrinović alirusha bomu. Lilidunda nyuma ya gari lao na kulipuka chini ya gari lililofuata, likawajeruhi watu kadhaa, akiwamo ofisa mmoja wa gavana, Erik Merizzi.

Katika ukumbi wa jiji, hotuba za kuwakaribisha ziliendelea kama zilivyopangwa, huku mgeni akiwa amefura kwa hasira. Sophie alipanda ghorofani kuonana na wanawake wa Kiislamu wa mji huo waliomsubiri pamoja na watoto wao.

Ikaamuliwa kwamba msafara ubadili njia ili mrithi akamtazame Merizzi hospitalini. Sophie alishauriwa apelekwe kwingine kwa usalama. Alikataa, akasema ataambatana na mumewe. Hakuna aliyemwambia dereva kuhusu njia mpya. Mtu ambaye kazi yake ingekuwa kumwambia alikuwa ndiye huyo Merizzi aliyelala hospitalini.

Karibu na Daraja la Kilatini dereva alikata kona kulia, kama ratiba ya awali ilivyosema. Potiorek akampigia kelele kwamba wamepotea. Gari likasimama mbele ya Gavrilo Princip, kijana wa miaka 19 aliyekuwa na bastola. Risasi moja ilimpata Franz Ferdinand shingoni. Nyingine ilipenya mlango wa gari na kumpata Sophie tumboni.

Ofisa aliyesimama pembeni ya gari alieleza baadaye kwamba mrithi, damu ikimtoka mdomoni, alimsihi mkewe asife, abaki kwa ajili ya watoto. Sophie alikuwa amekwishamwangukia magotini. Kabla ya saa tano na nusu wote wawili walikuwa wamekufa, yeye akiwa na miaka 46 na mumewe 50. Princip alieleza mahakamani kwamba hakukusudia kumuua mwanamke. Risasi ile aliilenga kwa Potiorek.

Miili ilisafirishwa kwa manowari hadi Trieste, kisha kwa treni hadi Vienna. Montenuovo ndiye aliyepanga mazishi. Julai 3 majeneza mawili yaliwekwa katika kanisa la Hofburg, lakini la Sophie liliwekwa chini zaidi kuliko la mumewe. Juu ya jeneza la mume palikuwa na mataji, kofia ya jenerali na upanga. Juu ya jeneza la mke paliwekwa glavu nyeupe na upepeo, alama za kazi aliyoiacha miaka 15 iliyopita. Wafalme wa nje walizuiwa kuja, na wananchi walipewa saa chache tu za asubuhi kutoa heshima zao.

Taratibu hizo ziliwachukiza hata makabaila wa Vienna. Usiku ule, msafara wa majeneza ulipokuwa ukienda kituo cha reli, wengi wao waliingia njiani bila kualikwa na kutembea nyuma ya majeneza kwa miguu. Artstetten yalifikishwa usiku wa mvua kubwa na radi, yakivushwa mto Danube kwa kivuko, farasi wakishtuka kwa ngurumo.

Mwezi mmoja kamili baada ya mauaji, Julai 28, Austria-Hungaria ilitangaza vita dhidi ya Serbia. Ni jambo la kustaajabisha kwamba mtu ambaye kifo chake kilifanywa sababu ya vita hiyo ndiye aliyekuwa akiipinga vikali alipokuwa hai.

Agosti 8 manowari ya Waingereza ilikuwa ikiipiga mizinga Dar es Salaam, na Novemba jeshi kutoka India likashindwa Tanga. Vita iliendelea katika ardhi ya Afrika Mashariki hadi Novemba 25, 1918, von Lettow-Vorbeck aliposalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia. Mamia ya maelfu ya Waafrika walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi, na jina la Kikosi cha Wapagazi, Carrier Corps, likabaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi.

Watoto watatu wa Sophie walikuwa Bohemia siku ile, wakisubiri wazazi warudi. Binti alikuwa hajatimiza miaka 13, wadogo zake wakiwa na miaka 11 na 10. Walilelewa chini ya uangalizi wa mume wa dada wa mama yao, Jaroslav Thun. Kaisari Karl, aliyeshika kiti mwaka 1916, alimpa Maximilian cheo cha Duke wa Hohenberg cha kurithiwa.

Dola ilianguka mwaka 1918, na hapo yatima hao wakakutana na upande wa pili wa kiapo cha baba yao. Kwa miaka 18 waliambiwa wao si Habsburg. Aprili 1919, serikali mpya ya Chekoslovakia iliwafukuza Konopiště kwa sababu ni watoto wa Habsburg. Waliondoka na mizigo michache, na sheria ya mwaka 1921 ikahalalisha kunyang'anywa mali zao. Kilichobaki kilikuwa Artstetten, nchini Austria, palipokuwa na kaburi la wazazi.

Binti aliolewa mwaka 1920 na Friedrich Nostitz-Rieneck, kabaila wa Bohemia. Maximilian alisoma sheria na Ernst akajifunza misitu. Wote wawili walipinga waziwazi Austria kumezwa na Ujerumani ya Hitler, na Machi 1938 majeshi ya Hitler yalipoingia Vienna, walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kukamatwa.

Walipelekwa kambi ya mateso ya Dachau katika kundi moja na Leopold Figl, aliyekuja kuwa kansela wa Austria baada ya vita. Walinzi waliwapa kazi ya kusafisha vyoo na kuvuta mkokoteni wa kinyesi, kwa makusudi ya kuwadhalilisha. Wafungwa wenzao walisimulia baadaye jinsi walivyoifanya kazi hiyo bila kulalamika na bila kujitenga na wengine.

Maximilian aliachiwa baada ya miezi sita. Ernst alihamishwa kambi hadi kambi na hakutoka hadi mwaka 1943. Afya yake haikurudi kamwe, na alifariki dunia mwaka 1954 kabla ya kutimiza miaka 50. Kaka yake alirejea Artstetten, ambako baada ya vita wanakijiji walimchagua kuwa meya, wakati eneo hilo likiwa chini ya jeshi la Kisovieti. Alifariki mwaka 1962.

Dada yao aliishi kuliko wote. Vita ya pili ilimchukulia watoto wawili wa kiume, mmoja akifa vitani mwaka 1945 na mwingine katika kambi ya wafungwa huko Urusi mwaka 1949. Yeye na mumewe walifukuzwa Chekoslovakia baada ya vita pamoja na mamilioni ya watu waliohesabiwa kuwa Wajerumani, ikiwa ni mara yake ya pili kutolewa katika nchi aliyozaliwa. Mwaka 1981, akiwa na miaka 80, alirudi Konopiště kutembelea vyumba vya utoto wake. Alifariki dunia Oktoba 1990, nchini Austria.

Princip naye alikuwa amefia Bohemia, nchi ya ukoo wa Chotek. Kwa kuwa hakuwa ametimiza miaka 20 siku ya mauaji, sheria haikuruhusu anyongwe. Alifungwa Terezín, akafa kwa kifua kikuu Aprili 1918.

Mwaka 2000, mmoja wa vitukuu vya Sophie alifungua kesi nchini Czech kudai kasri ya Konopiště. Hoja yake ilikuwa hiyohiyo ya mwaka 1900: ikiwa watoto wa ndoa ile hawakuwa Habsburg, sheria iliyotaifisha mali za Habsburg haikuwahusu. Mahakama za nchi hiyo zilikataa.

Konopiště ni mali ya serikali, na watalii huingia kwa tiketi. Huonyeshwa chumba cha watoto, pembe za wanyama zilizojaa ukutani na, katika kisanduku cha kioo, risasi iliyotolewa mwilini mwa Franz Ferdinand. Huko Artstetten, majeneza ya mume na mke yamewekwa bega kwa bega katika kaburi chini ya kanisa.